Siku ya Kwanza Baharini, na Haki Niliyokuwa Nadaiwa



Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja niliyemsomesha tangu alifu kwa kijiti hata akahitimu Kurani Tukufu. Aliniambia amekwisha posa na siku ya nikahi imekaribia. Akasema, "Mwalimu, niandikie haki za mke juu ya mumewe, nizihifadhi kama nilivyohifadhi juzuu." Nikachukua karatasi nikamwandikia: mahari, chakula, mavazi, makao, na kukaa naye kwa wema. Akanishukuru akaenda zake. Lakini alipokwisha toka mlangoni nikaona kwamba nimempa orodha na nimemnyima somo. Maana katika hayo yote niliyomwandikia, hapana hata moja ambalo mimi nilimpunja mke wangu katika miaka yetu ya mwanzo. Na hata hivyo nilimdhulumu dhuluma kubwa. Kwa ajili hiyo nimeshika kalamu. Aibu ya kuyasema haya ni yangu, na faida yake naiomba iwe ya vijana wetu.

Nilioa mwaka 1994. Mke wangu ni mwenyeji wa Jibondo, kisiwa kidogo cha mawe kilicho upande wa kusini-mashariki wa kisiwa kikubwa cha Mafia, kinachosifika kwa mafundi wake wa kuunda vyombo vya baharini. Baba yake alikuwa mmoja wa mafundi hao. Yeye aliletwa Dar es Salaam angali msichana, akakaa Kariakoo kwa baba yake mdogo, na hapo ndipo nilipompelekea posa. Harusi ilifanywa Kariakoo. Wazee wake walikuja kwa jahazi, wakala walima, wakangoja upepo, wakarudi kwao. Siku ya kuagana mkwe wangu alinishika mkono kwa mikono yake miwili, migumu kama gome, akasema, "Mwalimu, sisi tumekuja, sasa zamu yako. Mlete mtoto atuone, nawe uione pwani yetu." Nikajibu, "Inshallah." Ndugu msomaji, neno hilo tukufu nililitumia siku ile kama wengi wetu tunavyolitumia vibaya. Nilikuwa nimekwisha azimia moyoni kwamba sitakwenda.

Sababu yake ilikuwa ndogo. Mimi ni mtu wa Uzaramo ya ndani, mzaliwa wa Maneromango. Huko ndiko nilikosoma chuo na shule ya msingi. Bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa kijana wa miaka 15, na siku hiyo hiyo nikaiogopa. Pantoni la Magogoni, ambalo watoto hulipanda wakicheka, mimi nililipanda nimefumba macho. Na hofu peke yake si dhambi. Nabii Musa (a.s.) alikimbia fimbo yake ilipogeuka nyoka, na Mola wake akamtuliza, hakumkemea. Dhambi yangu mimi ilikuwa kuivika hofu kanzu na kilemba, ionekane kuwa ni kazi ya dini.

Kila kaskazi ilipoingia, mke wangu alinikumbusha. "Mwalimu, upepo umegeuka, watu wa kwetu wanateremka." Nami humjibu, "Chuo nitamwachia nani?" Wakati huo nilikuwa na watoto kama 40 waliokuja kusoma uani kwangu Upanga, wengine kutoka Kisutu na Jangwani. Alikuwako mwalimu mwenzangu mtaa wa pili aliyekwisha jitolea kunishikia chuo kwa mwezi mzima. Jambo hilo sikumwambia mke wangu. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria na mamia ya watu wakafa, nilileta gazeti nyumbani nikaliacha wazi juu ya meza, mahali atakapoziona picha. Sikusema neno, naye hakusema neno. Mwaka ule hakuitaja safari tena.

Mwaka 1998 baba yake akafariki. Habari ilitufikia siku ya tisa, kwa kinywa cha mchuuzi wa nazi katika soko la Kariakoo. Baba yake mdogo akaja mbio Upanga, akasema chombo kipo, waondoke pamoja wakahani. Nikawaambia kwamba marehemu amekwisha zikwa, na dua humfikia maiti popote isomwapo. Tutasoma hitima hapa hapa. Niliyosema yalikuwa kweli, ila ukweli ule niliutumia kufungia mlango. Tukasoma hitima, watu wakala wakatawanyika. Mke wangu alikaa eda ya moyo wake peke yake, jikoni, bila ya kunilaumu.

Ramadhani ya mwaka 2000 ilipokuwa inakwisha, kikaja kikaratasi kutoka Mafia. Kilikuwa na maneno machache: "Mama hawezi. Amelala tangu mwanzo wa mfungo. Anamwuliza mwanawe." Safari hii mke wangu hakuniomba ruhusa wala hakulia. Alitoa nguo zake sandukuni, akazifua, akazianika, akazikunja. Nikamwuliza, "Unakwenda wapi?" Akasema, "Nangoja kauli yako, Mwalimu. Lakini nguo ziwe tayari."

Usiku ule sikupata usingizi. Nilijiona nimesimama mbele ya Mola wangu naulizwa kwa nini nimekata udugu ambao Yeye ameamuru uungwe, nami sina hadithi hata moja ya kujitetea. Kulipokucha nikamwambia tutakwenda sote wawili. Akanitazama kitambo, kisha akaenda kuchemsha maji ya chai.

Dini yetu imemfundisha msafiri adabu zake kabla hajauinua mguu. Alipe madeni, arudishe amana, aache masurufu ya walio nyuma yake, na awatake radhi watu. Haya yote niliyatimiza. Nilimlipa muuza duka, nikarudisha kitabu nilichoazima tangu mwaka jana, watoto wetu wawili tukawapeleka kwa baba yao mdogo Kariakoo. Huko huko sokoni tukanunua vya kuchukua: doti za khanga, sukari, mchele, ndimu na tangawizi. Mwalimu mwenzangu akakishika chuo. Nilizunguka Upanga nyumba hadi nyumba nikiomba radhi kwa majirani, na mtu mmoja tu sikumwomba: yule aliyekuwa nyumbani akifunga kikapu.

Ndege za kwenda Mafia zilikuwako, lakini nauli yake haikuwa ya mwalimu wa chuo. Leo wasafiri wengi huenda kwa gari hadi Nyamisati, ndipo wakavuka. Sisi tulipata nafasi katika jahazi lililopakia sukari, unga na mabati.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, tarehe 9 Januari, 2001, katikati ya Shawwal ya mwaka 1421. Tulitoka Upanga usiku bado mzito, mizigo juu ya mkokoteni, mwezi ukiwa karibu kukamilika na umeinamia upande wa Jangwani. Tukapita Kisutu, tukasali Alfajiri msikitini njiani, tukateremka hadi pwani ya majahazi. Maji ya bamvua yalikuwa yamejaa tangu saa 10 za usiku, na sasa yalianza kupwa. Baharia mmoja alinieleza kwamba hiyo ndiyo saa yao ya kuondoka, kwa kuwa maji yakitoka hukitoa na chombo, na umande unaovuma kutoka nchi kavu asubuhi hukisukuma kwa nyuma.

Kabla hatujang'oa nanga alikuja mfanyabiashara na mifuko ya saruji, akataka ipakiwe. Nahodha, mzee wa Kimafia mwenye ndevu nyeupe, alimwonyesha alama ubavuni mwa chombo. "Maji yakifika pale mimi siendi. Na yamefika." Yule bwana akasema, "Tumtegemee Mungu, nahodha." Mzee akamjibu, "Mungu ndiye aliyenipa macho ya kuiona alama hii." Mifuko ikabaki pwani. Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi, na hasa tarehe 10 Septemba, 2011, ilipozama meli ya Spice Islander katika safari ya Pemba ikiwa imejazwa watu kupita kiasi chake. Kumtegemea Mwenyezi Mungu huja baada ya kumfunga ngamia, kama Mtume wetu (s.a.w.) alivyotufunza, na anayepakia kupita alama hakumtegemea Mungu, amewachezea waja wake.

Mke wangu alipopanda, nahodha alimkazia macho. Akasema, "Mwanangu, wewe si mtoto wa marehemu fundi, wa Jibondo?" Akajibu, "Ndiye mimi, baba." Mzee akapiga ubao kwa kiganja. "Basi umekwisha fika nyumbani. Chombo hiki ni mkono wa baba yako."

Mke wangu hakusema kitu. Aliinama, akapitisha vidole katika maungio ya mbao, polepole, kama asomaye. Nami nilikuwa nimekwisha kaa, nimeshika kamba kwa mikono yote miwili, wala sikuuliza kitu.

Mabaharia wakatweka tanga kwa wimbo, foromali ikapanda juu ya mlingoti, jahazi likageuka taratibu likaufuata mlango wa bandari. Kushoto tukaliacha soko la samaki la Feri, kulia Magogoni ya Kigamboni. Hapo nikasoma dua ya safari iliyomo katika Surat Zukhruf, aya ya 13 na ya 14. Dua hiyo nimewafundisha mamia ya watoto. Maana yake ni kumtakasa Yule aliyetudhalilishia chombo ambacho sisi wenyewe tusingekiweza, na kukiri kwamba hakika tutarejea Kwake. Naapa, ndugu zangu, siku ile ndiyo niliyoisoma mara ya kwanza. Miaka yote ya nyuma nilikuwa nikiitamka tu.

Tulipokipita kisiwa cha Makatumbe, penye mnara wa taa, bahari kuu ikatupokea. Chombo kikaanza kupanda na kushuka. Haukupita muda, umande ukafa, na kaskazi ilikuwa bado haijaamka. Tanga likaninginia kama nguo juani. Mtu asiyejua hudhani kwamba shwari ni raha. Kwa mgeni wa bahari shwari ni adhabu, kwa kuwa chombo hakiendi popote na mawimbi yanakibembeza pale pale. Nilitapika hata nikakosa cha kutapika. Kilemba kilianguka katika maji ya ngama. Lau watoto wa chuo changu wangeniona, wasingeniogopa tena kwa kiboko.

Mke wangu akauondoa mkono wangu kwenye kamba. Akanihamisha katikati ya chombo karibu na mlingoti, ambapo mchezo wa mawimbi ni mdogo. Akanikatia ndimu, akanitafunisha tangawizi, akasema, "Usitazame chini, Mwalimu. Itazame nchi kavu, ile mistari ya minazi. Macho yako yapate kitu kisichocheza." Nikafanya alivyosema, na baada ya kitambo dunia ikaanza kutulia.

Hapo ndipo alipoanza kunisimulia, bila ya mimi kumwuliza. Chombo kile kilipoundwa yeye alikuwa na umri kama wa mtoto wetu wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kumpelekea baba yake pamba ya kukalafati, akiisokota kwa paja lake kama wanavyosokota wanawake wa huko. Siku ya kukipaka deheni alijipaka yeye pia, akachekwa na kijiji kizima. Siku ya kukishua baharini palipikwa pilau, watu wakasoma Maulidi, na baba yake akambeba mabegani apate kuona. Nilisikiliza nikastaajabu. Nilikuwa nimekaa na mwanamke huyu zaidi ya miaka sita, nikala mikononi mwake, nikazaa naye, na wala sikupata kujua kwamba alikwenda mabegani mwa baba yake. Sikuwahi kuuliza kitu chochote cha Jibondo, kwa kuogopa kwamba mazungumzo yataishia kwenye safari.

Ilipofika Adhuhuri kaskazi ikaingia. Kwanza maji yaliparuka mbali, yakabadilika rangi. Kisha tanga likajaa kwa kishindo, jahazi likalala kidogo ubavu na kuanza kukata. Tulijumuisha Adhuhuri na Alasiri, tukazipunguza rakaa mbili mbili kama ilivyoruhusiwa msafiri. Mimi nilisali nimekaa, kwa kuwa kichwa bado kilikuwa kizito, na sheria haimkalifishi mtu asichokiweza. Makka kwa mtu wa pwani yetu iko upande wa kaskazini, nasi tulikuwa tukienda kusini. Kwa hiyo kibla chetu kilikuwa tezini, alikokaa nahodha na usukani wake. Yeye naye alisali baadaye, baada ya kumkabidhi usukani baharia mmoja.

Upepo ule ulinifikirisha. Kaskazi huvuma tangu karibu Desemba hata Machi, ikateremka kutoka pande za Arabuni na Bara Hindi; kisha hugeuka ikawa kusi, ikarudi ilikotoka. Kwa pepo hizi mbili baba zetu walijua mwaka mzima mtu atakuja lini na ataondoka lini. Kwa pepo hizi walikuja watu wa Hadhramaut na Oman na Shirazi, na kwa mbao kama zile tulizozikalia ikafika Kurani katika pwani yetu. Msikiti wa Kizimkazi huko Unguja una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, ndio 1107 kwa hesabu ya Kizungu. Aliyeuleta msahafu kule hakutembea kwa miguu. Basi mimi, mwalimu wa Kurani, ambaye riziki yangu na elimu yangu vimeletwa na tanga, nilikuwa nimeifanya bahari kuwa adui.

Alasiri tukawa mbele ya Ras Kimbiji, na huko mawimbi hayakuwa ya mchezo. Chombo kilikwenda mrama, maji yakaruka juu ya ubao, vijana wawili wakaingia chini kuyachota ya ngama na kuyamwaga. Nilisoma Ayatul Kursi nikairudia. Bila ya kujijua niliushika mkono wa mke wangu mbele ya watu, jambo ambalo sijapata kulifanya. Akaniinamia sikioni akasema, "Mtazame nahodha. Maadamu anatafuna tambuu, hapana jambo." Nikamtazama. Alikuwa akitafuna. Nikashusha pumzi, hata nikacheka, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza mimi kucheka katika siku ile.

Magharibi tukatia nanga mbele ya kisiwa cha Kwale, kwa kuwa nahodha hakupenda kupita miamba ya mbele usiku. Mabaharia wakawasha moto katika sanduku la mchanga, wakapika wali na samaki. Wanawake waliokuwamo, watatu pamoja na mke wangu, walitandikiwa mkeka nyuma na kutiliwa pazia la turubai. Mwezi ukachomoza mashariki mkubwa, mwekundu, kisha ukawa mweupe hata ungeweza kusoma msahafu kwa nuru yake. Nikasema moyoni: siku imekwisha, tena salama.

Kumbe siku haijakwisha. Ilipokaribia saa 4 za usiku baharia mmoja aliita, "Mwezi unaliwa!" Tukatazama. Kweli, ubavu wa mwezi umeingia weusi, na weusi ule unakwenda. Ilipokaribia saa 5 mwezi wote ulikuwa umefunikwa, umebaki kama kaa la moto linalozimika, na nyota ambazo hazikuonekana zikatokea zote. Kutoka Kwale tukasikia watu wanapiga madebe. Maji yalikuwa yamekupwa sana, miamba imejitokeza, na kilio cha ndege wa pwani kikafika mpaka kwetu.

Kijana mmoja wa chombo akasema, "Mwezi ukipatwa namna hii pana mkubwa amekufa." Hakukusudia ubaya. Lakini nyuma ya pazia nikasikia mke wangu anajizuia kulia, nikajua neno lile limempata wapi.

Kwa jambo hili, namshukuru Mwenyezi Mungu, nilikuwa na elimu. Nikasimama nikawakumbusha watu habari iliyo mashuhuri ya Mtume wetu (s.a.w.). Siku aliyokufa mwanawe mdogo Ibrahim, huko Madina, jua lilipatwa, na watu wakanena kwamba limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Naye, juu ya uchungu wa kufiwa na mtoto, hakuwaacha watu katika dhana hiyo. Aliwafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Waonapo hivyo wasali na waombe. Na wataalamu wa falaki hutuambia siku na saa ya kupatwa miaka mingi kabla, kwa kuwa ni kivuli cha ardhi tu kinachopita juu ya mwezi, kwa mwendo aliouweka Yeye.

Tukatawadha kwa maji ya bahari. Tukasimama safu moja juu ya sitaha, wanawake nyuma yetu, nyuso zetu upande wa tezi, tukasali sala ya khusufu rakaa mbili, kila rakaa rukuu mbili. Nanga ilikuwa imetushika vizuri, nami nikaweza kusimama. Nilisoma kwa sauti. Tulipotoa salamu mwezi ulikuwa bado mwekundu, na watu wakakaa kimya wakileta istighfari.

Nikaenda nikakaa kando ya pazia. Nikamwambia mke wangu kwa sauti ndogo, "Nina jambo la kukutaka radhi. Chuo hakikuwa sababu hata siku moja. Mwenzangu alikuwa tayari kunishikia tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa naiogopa bahari, nikaona haya kukwambia."

Alikaa kimya muda mrefu. Nilitaraji ataniambia kwamba alikuwa akijua. Hakuwa akijua. Akasema, "Miaka yote hii mimi nilidhani umewadharau wazazi wangu. Nilidhani unaona aibu kuoa kwa mtu wa shoka na tezo, asiyejua kusoma. Nilipokuwa nikiwaandikia barua nilikuwa nikikusingizia maradhi, ili wasilifahamu hilo. Lakini baba alifahamu. Alimwambia mama kwamba Mwalimu hatatuvukia, sisi si watu wa kiasi chake. Amekufa na neno hilo."

Ndugu msomaji, nimesoma mlango wa haki za waja katika vitabu, na nimeufundisha. Siku ile nilikuwa ndani yake. Nikamwambia, "Nisamehe." Akasema, "Iliyo yangu nimekusamehe, Mwalimu, mbele ya Mungu. Ya baba si yangu mimi kuisamehe."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma hesabu ilivyo. Tukakaa pamoja, pazia kati yetu, mpaka mwezi ukaanza kutoka kivulini kidogo kidogo, na ilipofika saa 7 za usiku ukawa mweupe tena.

Hiyo ndiyo siku yetu ya kwanza baharini. Kesho yake tuliingia Kilindoni salama, na baadaye tukafika Jibondo. Mama mkwe wangu tulimkuta hai. Alimshika mwanawe uso mzima kwa viganja viwili, akamwacha, akanigeukia, akasema, "Karibu, Mwalimu. Umechelewa, lakini karibu." Aliishi mwaka mmoja na miezi baada ya hapo, na katika muda huo tulimvukia mara ya pili. Kaburi la mkwe wangu liko mahali ambapo bahari inaonekana. Nilisimama pale nikasoma nilichoweza kusoma, na tangu siku hiyo, kila mwezi, hutoa sadaka kidogo kwa niaba yake. Natumaini kwa rehema za Mola wangu. Lakini sijui mimi na mzee yule tutaonanaje, na kila nikikumbuka mikono yake iliyonishika pale Kariakoo, moyo wangu hausemi kwamba deni limekwisha.

Sasa namrudia yule kijana wangu. Nimemwita tena, nikamwambia airudishe ile karatasi, nikamwandikia chini yake mambo mawili. La kwanza: wazazi wa mkeo si wageni waliokuja harusini wakaondoka. Wavukie wangali hai, hata kama katikati pana bahari, na usipoweza kwenda usimzuie yeye kwenda. La pili: ukiwa na hofu, au ufukara, au udhaifu wowote, mwambie mkeo kwa jina lake. Usiufunike kwa kazi, wala usiufunike kwa dini. Mwanamke akijua kwamba mumewe anaogopa mawimbi, atamwonyesha pa kukaa katika chombo na pa kuelekeza macho. Asipojua, ataitafutia sababu nyingine, na sababu atakayoipata huenda ikawa mbaya mara kumi kuliko ile ya kweli.

Na kwenu ninyi mabinti na akina mama msomao ukurasa huu: mkiona mume analikimbia jambo moja mwaka baada ya mwaka, ulizeni, hata kwa upole. Mke wangu mwenyewe ameniambia niwaandikie hilo. Asema alinyamaza kwa heshima, na kimya chake kilimpa nafasi shetani wa dhana.

Kijana akaisoma karatasi akaniuliza, "Mwalimu, bahari bado waiogopa?" Nikamwambia ndiyo. Bado naiogopa, na bado tunavuka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilinde safari zetu na nyumba zetu, atuwezeshe kulipa haki za watu kabla wenyewe hawajatangulia, na awarehemu wazee wetu waliotutangulia wakiwa na neno letu vifuani mwao. Amin.

Wassalaam alaykum.